Matundu 8,640: shajara ya kutengeneza mashine ya kutobolea ngozi, Mikindani

Juni 2

Kikundi kimoja cha dufu kimeagiza makubazi, viatu vya wazi vya ngozi, jozi 36, yote ya kiume, mtindo mmoja, namba 39 hadi 44. Wanataka kuyavaa safari yao ya Lindi mwishoni mwa Julai. Nusu ya fedha wameshatoa na ngozi nimeshanunua, kwa hiyo kazi nimeshaingia.

Kabla ya kukata hata kipande kimoja nilikaa barazani nikapiga hesabu. Soli ya kubazi moja naishona kuzunguka ukingo wote. Kwa mguu wa wastani mstari huo ni kama milimita 640, na uzi wangu unapita kwenye matundu 96. Kanda za juu zina urembo wa vitundu vya mviringo, 24 kwa kila kiatu. Jumla 120. Makubazi 72 mara 120 ni matundu 8,640. Namba hiyo nimeiandika kwa mkaa kwenye nguzo ya baraza.

Vifaa nilivyonavyo ni vile alivyoniachia mjomba alipoacha kazi kwa sababu ya macho: msharasi wa kutobolea ngozi wenye mpini wa mninga, nyundo, bikari ya kupimia nafasi, na kipande cha reli anachokiita fuawe. Mjomba anasema chuma hicho kilitoka kwenye njia ya zamani ya Mtwara hadi Nachingwea, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza na kung'olewa miaka ya 1960. Mradi ulikufa, treni haipo, kipande chake kinafua ngozi Mikindani.

Kifundo cha mkono wa kulia kinaniuma hata kabla sijaanza. Ndiyo maana naandika shajara hii: safari hii sitaki kumaliza kazi nikiwa nashika kijiko kwa mkono wa kushoto.

Juni 4

Leo nimetoboa soli moja huku saa ya simu inahesabu na mpwa wangu anaandika. Dakika 34 kwa kubazi moja. Kwa yote 72 ni saa 40 na dakika 48 za kutoboa tu, sindano haijaguswa.

Kilichonishangaza ni mgawanyo wake. Kupima na kuweka alama, dakika 11. Kupiga, dakika 13. Kuchomoa msharasi uliong'ang'ania na kuinyoosha ngozi iliyoinuka nao, dakika 10. Ningeapa kwamba kinachonila ni kupiga, kumbe zaidi ya nusu ya muda sipigi kitu: ama napima, ama napigana na msharasi utoke.

Mpwa aliniuliza kama aandike pia muda wa kunywa chai. Nikamwambia aache utundu.

Juni 5

Nimekwenda mjini kwa bajaji na kununua plaisi ya kutobolea, ile yenye gurudumu la midomo sita. Duka silitaji. Mdomo wake haufiki hata sentimita tano kutoka ukingoni, na kwenye ukanda wa tano taya zilipinda, vitundu vikaanza kutoka vya mwezi mwandamo. Nimeirudisha. Muuzaji kanitazama kama mtu aliyevunja kikombe cha watu.

Juni 8

Vitundu vya urembo kwanza, maana ndivyo rahisi. Hivi vinahitaji panchi ya bomba, chuma chenye uwazi katikati na makali mdomoni, kinachokata kidonge cha ngozi na kukitoa. Matundu ya kushonea ni jambo jingine kabisa. Pale hutakiwi kutoa ngozi, unaipasua tu kwa ncha nyembamba ili ikumbatie uzi ukishavutwa. Ukishona kwenye matundu ya mviringo yaliyokaribiana umejitengenezea stempu ya posta, na kubazi litachanika kwenye mstari huohuo. Kwa hiyo nahitaji vifaa viwili, si kimoja.

Jaribio la kwanza: antena ya redio iliyovunjika. Bomba lake lina kipenyo kizuri na kulinoa ni dakika mbili. Ilitoboa safi vitundu 30 hivi, kisha mdomo ukafunguka kama ua. Shaba hiyo ni laini mno.

Jaribio la pili: mti wa mwavuli, bomba la chuma. Ulifika vitundu zaidi ya 100, lakini vidonge vilijaa ndani, vikajibana, na bomba likapasuka ubavuni. Nilikuwa nimesahau kuliwekea dirisha ubavuni la kutolea vidonge.

Juni 12

Nimepata panchi! Leo naeleza kwa kirefu kwa sababu nimetafuta njia hii siku tatu.

Fundi pikipiki wa Magomeni ya huku Mtwara alinipa bolti ya lori iliyoandikwa 8.8 kichwani. Alama hiyo inaonyesha bolti ngumu ambayo kiwandani imeshapitishwa motoni, si ile laini ya kufungia mabati. Shida ilikuwa kutoboa tundu la milimita 2.5 katikati kabisa ya ncha yake. Kwa mkono, keekee, yaani chuma cha kutobolea, ikiyumba kidogo tu, ukuta mmoja wa panchi unakuwa mnene na mwingine mwembamba kama karatasi. Mashine ya kukerezea sina.

Dawa ni kugeuza kazi juu chini. Bolti nimeikata kichwa, nikaifunga kwenye mdomo wa drili ya kusimama, mahali panapokaa keekee. Keekee yenyewe nimeibana kwenye jiliwa pale chini, ikitazama juu. Kinachozunguka sasa ni bolti. Ukishailenga keekee vizuri, chuma chenyewe kinatafuta katikati yake. Nilishuka kidogokidogo, nikipandisha kila mara kutoa vumbi, na tone la mafuta ya kupikia kila nikikumbuka. Milimita 12 za kina. Umeme ulikatika nikiwa nimefika 9, nikala ming'oko ya watu hadi uliporudi.

Kisha nilikata dirisha ubavuni kwa msumeno wa chuma, likakutana na tundu lile kwa ndani, na kulipanua kwa tupa ya duara ili kidonge kikishapita mdomoni kipate nafasi. Hapo ndipo mwavuli uliponifundisha. Makali nimeyatengeneza kwa kuizungusha bolti ileile kwenye drili huku nikiegemeza tupa kwa nje. Ukinoa kwa nje tu, ukuta wa ndani unabaki wima na tundu kwenye ngozi linatoka limenyooka. Mwisho msasa laini, kisha nikasugua ncha kwenye kipande cha ngozi kilichopakwa sabuni ya kung'arishia vyombo.

Vitundu 400 leo jioni kwa ajili ya kujaribu tu, kwenye mabaki. Mdomo uko vilevile. Napigia juu ya kigogo cha mwembe upande wa kichwa, pale nyuzi za mti zinaposimama, makali yanazama kati ya nyuzi bila kufa. Ole wako upigie juu ya reli ya mjomba.

Juni 17

Alama. Dakika 11 za kubonyeza bikari kutoka kitone hadi kitone, na mara zote kitone cha mwisho hakikutani na cha kwanza.

Nilitafuta gurudumu lenye meno ya karibu. La baiskeli halifai, mnyororo wake ni nusu inchi, milimita 12.7. Lakini kule kwa fundi pikipiki niliona sproketi ya taimingi, gurudumu dogo la meno la ndani ya injini, iliyochakaa imetupwa kwenye kopo la oili chafu. Mnyororo wake mdogo una hatua, yaani nafasi ya pingili hadi pingili, ya milimita 6.35. Nimeichukua bure, nikaitia ekseli ya msumari na mpini wa mti wa mpera, na kuchonga ncha za meno kwa tupa zipate kuuma ngozi.

Nilipoiviringisha nikapima nafasi kumi: milimita 67, badala ya 63.5. Nilidhani nimeharibu. Mpwa, ambaye yuko kidato cha pili, akacheka: mnyororo hukaa chini kwenye mabonde ya meno, mimi naviringisha juu kwenye vilele, na duara la juu ni kubwa zaidi. Sawa, mwalimu. Milimita 6.7 ndiyo mshono wangu hasa, 640 gawanya kwa 6.7 unapata 95 na ushei. Kama imetengenezwa kwa ajili yangu.

Alama za soli moja sasa: dakika mbili. Na hii ni takataka ya gereji.

Juni 22

Siku tano za uma wa meno manne, na tatu kati ya hizo ni hasara.

Wazo ni kupasua matundu manne kwa pigo moja. Chuma ni tupa kuukuu. Tupa ni ngumu kuliko msumeno, kwa hiyo kwanza nimeilainisha: nimeiwasha kwenye mkaa hadi ikawa nyekundu, nikaizika kwenye majivu, ikalala humo usiku kucha ikipoa polepole. Asubuhi ilikatika kama chuma cha dirisha. Nikaiviringishia sproketi ncha yake ili meno yachukue nafasi zilezile za 6.7, nikakata mifereji mitatu na kuchonga.

Kosa la kwanza ni langu mwenyewe: meno mafupi, manene, ya haraka. Pigo la kwanza liliingia, halafu uma haukutoka. Niliuinua, soli nzima ikaja nao ikining'inia kama pweza kwenye kijiti. Meno ya namna hiyo ni kabari nne zinazobanana na ngozi iliyo kati yao. Nikayarudia yakawa marefu, membamba, yanayopungua taratibu, yenye urefu wa milimita 12, na kuyang'arisha hadi nikaona kucha yangu ndani yake.

Kosa la pili ni pupa. Ili chuma kirudi kuwa kigumu nilikiwasha tena hadi sumaku ya spika ikakataa kukishika, hapo ndipo penyewe, kisha nikakichovya kwenye oili chafu. Kikawa kigumu kweli. Nikakimbilia kujaribu bila kukipunguza ugumu, na pigo la tatu jino la pembeni likaruka. Sikuliona lilikoangukia, nilisikia tu limegonga bati. Tangu leo navaa miwani, hata mpwa akinicheka.

Uma wa pili: baada ya oili, nimeung'arisha tena ili niione rangi, nikaupasha mgongo wake juu ya bamba la moto huku nikitazama. Rangi hupanda taratibu kutoka mgongoni kwenda kwenye meno. Ilipofika njano ya nyasi kavu kwenye ncha, ndani ya maji papo hapo. Ukisubiri ikawa ya buluu, meno yamekuwa laini. Huu wa pili umepiga soli nne bila tatizo. Jino la kwanza linaingia kwenye tundu la mwisho nililotoboa, kwa hiyo kila pigo linaleta matundu matatu mapya na nafasi haipotei.

Nimetengeneza na wa meno mawili kwa ajili ya kisigino na vidole. Wa manne umenyooka, pale kwenye kona unakata njia ya mkato na mshono unaonekana una pembe kama sarafu ya shilingi tano ya zamani.

Juni 23

Nyundo ya chuma inaufumua mgongo wa uma. Mzee mmoja mchongaji wa vinyago amenipa kichwa cha mpingo kilichobaki, cheusi tii chenye ukoko mweupe upande mmoja, kinene kama kopo la maziwa. Nimeondoa ukoko, nimekitia mpini. Gramu 600 hivi kwenye kipande cha kutia kiganjani. Mpingo ni mti unaozama majini, na ukiushika unaelewa kwa nini. Unapiga pigo fupi lisiloruka. Mzee ameniambia nikisikia sauti imebadilika niuache mara moja, umepata ufa.

Sauti. Hilo ndilo la kesho.

Juni 24

Saa nne asubuhi bibi wa nyumba ya pili amekuja, kanga mbili, hajakaa.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Mwanangu, kazi yako njema, mimi sisemi. Lakini mkwe wangu yuko ndani hata arobaini haijafika, na kila mtoto akifumba jicho, wewe pa! Mtoto karuka. Sasa sisi tulale lini?”

Sina la kujibu. Nimeomba radhi, nikaahidi kupiga saa mbili hadi saa tatu tu asubuhi, na baada ya alasiri. Kwa saa hizo sitamaliza hadi mwezi wa tisa.

Jioni nimekaa na mjomba. Nikamwambia nataka kitu cha kukandamiza, si cha kupiga. Akasema mashine ya kutoboa Mungu ameshaniwekea mbili mabegani, za nini nyingine. Baadaye kidogo, kama anaongea na ukuta: “Miguu ya cherehani ya marehemu shangazi yako iko nyuma ya banda.”

Juni 27

Miguu ya cherehani, chuma cha kusubu, kanyagio linacheza vizuri baada ya kutiwa mafuta. Kichwa kiliuzwa zamani. Juu yake nimefunga ubao wa mninga, na nyuma ya ubao nguzo mbili fupi zenye bolti ya kupita katikati. Bolti hiyo ndiyo egemeo. Wenzo ni mti wa mninga wa sentimita 80 kutoka egemeo hadi ncha, na mnyororo wa baiskeli unashuka kutoka ncha hiyo hadi kwenye kanyagio. Panchi inakaa sentimita 8 tu kutoka egemeo. Themanini kwa nane: kilo moja ya mguu wangu inakuwa kilo kumi pale chini. Wenzo unarudishwa juu na ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Kabla ya kufunga mnyororo nilitaka kujua nguvu gani hasa inahitajika, nisije nikatengeneza kitu cha kuvunja goti. Nilining'iniza ndoo tupu kwenye ncha ya wenzo, panchi ya 2.5 ikiwa juu ya ukanda, na mpwa akamimina maji kwa kopo la lita. Tulipofika lita nne, tk, kidonge kikatoka. Lita nne mara kumi: kama kilo 40 juu ya kitundu kidogo vile. Jino moja la uma kwenye soli, ambayo ni ngozi mbili zilizogandishwa zenye unene wa milimita 6, lilizama kwa lita tatu. Uma mzima wa manne ulidai lita 13, na tulipoupaka nta ya nyuki ukashuka hadi 10. Tofauti ya lita tatu kwa kusugua nta mara moja! Tangu leo kitonge cha nta kinakaa kwenye kona ya ubao.

Watoto wa mtaa walijaa kutazama ndoo. Mmoja aliuliza kama ni mizani ya korosho.

Juni 29

Imegoma. Wenzo ukishuka unachora tao, na panchi iliyofungwa moja kwa moja kwenye wenzo inashuka ikiinama. Kwenye ngozi nyembamba huoni, kwenye soli jino linaingia wima juu na kutokea pembeni chini, nje ya mstari kwa milimita mbili.

Rafiki yule wa gereji tena. Ekseli ya gurudumu la nyuma la pikipiki na bushi yake, vilivyozoeana miaka kumi. Bushi imekazwa kwenye fremu imesimama wima, ekseli inateleza ndani yake, na wenzo sasa unaisukuma tu kichwani bila kufungwa nayo. Wenzo na uchore tao lake huko juu, ekseli inajua kushuka tu. Ameitoboa tundu chini na skrubu ya kubana pembeni, ninabadilisha panchi na uma kama kubadilisha kisu. Nililipa, ingawa alikataa mara mbili.

Uma ulikuwa unageuka ndani ya bushi. Tumepitisha msumari kwenye ekseli, na bushi tumeichanja mfereji mmoja wa wima kwa msumeno. Msumari unapanda na kushuka humo, kwisha kugeuka.

Julai 1

Hii ndiyo siku yenyewe, na kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa.

Mashine ilikuwa inatoboa vizuri, lakini kila nikiachia kanyagio ngozi inapanda na uma, inabaki juu, naishika, naivuta, inatoka kwa kishindo. Dakika zangu kumi za kuchomoa zilikuwa zimenifuata hadi kwenye mashine. Nikaongeza tyubu ya pili, ya tatu. Tyubu zinainua uma, na uma unainua ngozi.

Nilikuwa nakula mhogo pale pale nikiitazama. Tunapomtoa samaki kwenye kijiti cha kuchomea, hatuvuti kijiti tu. Tunaweka vidole kumzuia samaki, kisha ndiyo tunavuta. Nikachukua bamba la chuma la milimita 3, nikalitoboa mwanya mrefu ambao uma unapita bila kugusa, nikalifunga kwa bolti mbili juu ya ubao likiacha nafasi ya milimita 8 chini yake. Soli inapita kwenye nafasi hiyo. Uma unashuka kupitia mwanya, unazama, na ukipanda ngozi inagonga bamba na kubaki chini. Inachomoka yenyewe.

Nimekanyaga mara arobaini bila kugusa soli isipokuwa kuisogeza. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Bamba hilo limenipa zaidi kuliko meno manne, zaidi kuliko wenzo, na halina makali wala springi.

Kasoro yake: mwendo wote wa panchi ni milimita 12, kwa hiyo nafasi ya kuchezea ni ndogo sana. Soli ikiwa na gundi iliyovimba upande mmoja haiingii.

Julai 3

Umbali kutoka ukingoni. Nilianza na ubao ulionyooka kama kingo. Ulifaa kisiginoni, ukashindwa ubavuni pale soli inapobonyea, kwa sababu ukingo uliobonyea unagusa kingo ndefu sehemu mbili na mstari unasogea ukingoni. Nimeutoa nikaweka beringi ndogo ya feni, imelala kwa bolti moja, milimita 5 kutoka kwenye meno. Ukingo wa soli unabingirika juu yake, popote unapopinda mstari unafuata. Mkono wa kushoto unazungusha soli kama unavyozungusha chapati.

Kwa hiyo soli hazihitaji tena alama. Sproketi yangu nzuri imebaki na kazi ya kanda tu. Nimeitundika msumarini, sikutegemea kuipunguzia kazi mapema hivyo.

Julai 5

Saa ya simu, mpwa, daftari. Kubazi la namba 42: dakika 11 yote, soli na kanda. Mapumziko ya kubadilisha uma wa manne kuwa wa mawili yamo humo. Makubazi 72 kwa kasi hiyo ni saa 13 na dakika 12.

Ilikuwa saa saba mchana. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa amekaa mlangoni kwake akichambua mchele. Nilipomaliza nikamwuliza kama amesikia kitu. Akasema anasikia kama mtu anatafuna kokwa.

Julai 12

Siku za kazi, hakuna mengi. Soli 58 zimetoka. Tyubu imekatika mara moja. Mnyororo umeruka mara mbili kwa sababu mpwa anakanyaga kwa kisigino. Ekseli niliiacha Jumapili bila mafuta, upepo wa bahari ukaivisha kutu, Jumatatu ikanikwaruza masikio hadi nilipoipiga msasa.

Soli moja nimeiharibu mwenyewe: nilikuwa namsikiliza mtu dirishani nikakanyaga mara mbili pale pale. Ngozi hii imedabaghiwa kwa magome ya miwati, kipande chake hakirudi kikishapasuka kama zile laini za mikoba. Nimeikata ikawa ya namba 39.

Wenzo una ufa wa nywele karibu na egemeo. Nimeufunga kwa waya na nautazama kila asubuhi. Nikipata jani la springi ya gari nitaubadilisha.

Julai 16

Tundu la mwisho limetoka leo saa kumi na nusu, kwenye ukanda wa jozi ya namba 44. Mpwa akafuta namba kwenye nguzo kwa kitambaa cha maji, ikabaki doa la kijivu.

Kifundo hakiumi. Goti la kulia linauma kidogo. Nimegundua kanyagio nimeliweka mbali, nitalisogeza inchi mbili kabla ya kazi inayofuata.

Mjomba aliomba akalishwe kwenye mashine. Haoni vizuri, lakini aliweka kipande cha ngozi ya mabaki, akapapasa beringi kwa kidole gumba, akaegemeza ukingo, akakanyaga. Akasogeza. Akakanyaga. Alizunguka kipande chote bila kusema neno, kisha akapitisha ukucha wake juu ya matundu, moja moja, mpaka alipoanzia.

“La mwisho na la kwanza yamekutana,” akasema, na kuuliza kama kuna ngozi nyingine.